Juu ya Neno "Motokaa" na Jamaa Zake

Wako walimu wanaofundisha kwamba "motokaa" ni "moto" na "kaa" yaliyounganishwa, yaani chombo kiendacho kwa moto wa makaa. Maelezo haya yapendeza masikioni, tena yapata nguvu kwa "gari la moshi", ambalo kweli lilihitaji moto. Huku kwetu Mwanza reli ilifika mwaka 1928, na wazee walizijua injini za mvuke. Hata hivyo si kweli. Motokaa ni "motor car" ya Kiingereza, na hiyo "kaa" ni "car" kama Mwingereza aitamkavyo, bila kuisikiza r ya mwisho.

Ushahidi uko ng'ambo ya ziwa. Waganda husema "emmotoka", nao kwa lugha yao moto ni "omuliro", na makaa ni "amanda". Moto na kaa wangaliyatoa wapi? Na mtu akijibu kwamba walilipokea neno kutoka kwetu likiwa limekwisha kuundwa, basi na aende kusini hata kwa Washona, wasemao "motokari". Hapo r yenyewe imesalia, wala hakuna makaa yawezayo kuieleza.

Lakini lililo tamu kuliko yote lapatikana Rwanda, ambako gari ni "imodoka". Msikiaji wa haraka atasema Wanyarwanda wameshindwa kutamka t. La hasha. Wao husema "turi" kwa maana ya "sisi tuko", bali "tunafanya kazi" ni "dukora": ile t hulainika kuwa d kwa sababu silabi ifuatayo yaanza kwa k. Sasa tazama "motoka": t yafuatwa na k, nayo imelainika vivyo hivyo. Mgeni ameingia nyumbani akatii sheria ya nyumba. Kuliita neno la namna hii "lililoharibika", kama tuonavyo katika masahihisho ya madaftari, ni kutojua kazi iliyofanywa ndani yake.

Wala kukata maneno si tabia ya Waafrika peke yao. Mwaka 1902 gazeti la Politiken la Denmark liliwashindanisha wasomaji wake kutafuta jina fupi la "automobil", na likapatikana "bil", ambalo Waswidi na Wanorwe walitumia vilevile. Wajerumani wakashika kichwa, "Auto". Wadenmark wakashika mkia. Nao Waingereza wenyewe katika usemi wa kila siku wameitupa "motor" wakabaki na "car", neno lililokuwapo zamani kwa vyombo vya magurudumu vya kuvutwa. Hivyo Mganda ahifadhi neno zima ambalo mwenyewe hulikata! Vijana wa Nairobi nao, wasemao "moti", wameshika kichwa kama Wajerumani.

Kiswahili kimefuata njia nyingine, nayo ndiyo inipayo wasiwasi. "Gari", ambalo asili yake ni Kihindi, lilikuwa jina la kila chombo cha magurudumu, likipambanuliwa kwa kile kiliendeshacho: gari la ng'ombe, gari la farasi, gari la moshi. Hapa hatukukata silabi. Tuliangusha maelezo yaliyofuata, na leo "gari" tupu ni lile la injini. "Motokaa" yenyewe yazidi kusikika kama neno la wazee. Gari la ng'ombe lingali likipita katika njia za Usukuma, lakini sasa ndilo lidailo kutajwa kwa jina refu, kana kwamba ndilo lililokuja nyuma. (Mzee wa Kisukuma asemaye "gali" asichekwe: lugha yake haina r.)

Hasara yaonekana katika kusoma. Katika tafsiri ya Muungano ya Biblia, iliyotolewa mwaka 1952, yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 ameketi garini mwake akisoma. Mpe mtoto wa mjini kalamu achore habari hiyo: utapata usukani, taa mbili, na Filipo akikimbia kando ya dirisha la kioo. Mtoto hakukosa, amelisoma neno kama alijuavyo. Mimi darasani huuliza kwanza gari hilo lilivutwa na nini, ndipo kitabu kifunguliwe.