Mbegu ya Chinsaga Mbele ya Sheria

Kaunti ya Kisii nchini Kenya ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na jirani yake Nyamira nayo ina msongamano mkubwa. Chai na migomba ikishachukua nafasi yake, mboga za kienyeji hubakia na kipande kidogo nyuma ya jikoni. Hapo ndipo chinsaga, ambayo wengine huiita mgagani, imelindwa na akina mama kizazi baada ya kizazi. Namna walivyoilinda inastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu sheria ya mbegu iliandikwa kana kwamba utaalamu huo haupo.

Chinsaga haipendi kitalu. Mzizi wake mkuu huzama moja kwa moja, na mche ukihamishwa hudumaa, kwa hiyo mbegu hupandwa papo hapo. Lakini mbegu iliyotoka kuvunwa huwa imelala. Ukiipanda mapema, sehemu kubwa haioti. Inahitaji miezi kadhaa ndipo iamke. Mwanga nao huizuia kuota, ndiyo maana hufunikwa kwa udongo mwepesi.

Anayeijua kazi hukata vichwa vya maua kwenye mimea ya kula, ili matawi ya pembeni yachipue na majani yaendelee kupatikana. Mimea michache iliyonawiri huiacha ukingoni ikomae. Maganda huchumwa yakigeuka manjano; yakikaukia shambani hupasuka na mbegu nyeusi, ndogo mno, humwagika zote. Huanikwa, hupurwa, hupepetwa, kisha huchanganywa na majivu makavu na kuhifadhiwa penye ukavu. Majivu hufukuza wadudu na kupunguza unyevu. Na muda wa kungoja msimu ndio huohuo mbegu inaouhitaji ili iamke.

Kisha jirani huja kuomba kijiko kimoja.

Kijiko hicho ndicho kilichokuwa hatarini. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, kwa marekebisho ya 2012, iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa anayeuza au kubadilishana mbegu isiyoidhinishwa. Kuidhinishwa kunadai aina moja inayofanana mmea kwa mmea. Tazama tuta la chinsaga: shina hili la kijani, lile la zambarau lenye vinyweleo vinavyonata, jingine katikati. Mchanganyiko huo ni hazina, maana jua kali au ugonjwa ukija, si lazima mimea yote iangamie. Kwenye daftari la mkaguzi ni kasoro.

Wakulima wadogo 15 walienda mahakamani mwaka 2022 kuipinga sheria hiyo. Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu alitamka kuwa vifungu vilivyozuia kubadilishana mbegu za kienyeji vinakiuka Katiba. Naona alitenda haki. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 chenyewe kinalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu za asili na matumizi yake katika jamii.

Kazi iliyobaki ni ya ubora, na haihitaji maabara. Anayeuza mbegu sokoni Daraja Mbili au Keroka aandike kwenye pakiti mwezi maganda yalipochumwa. Anayenunua apande mbegu chache kwanza, azifunike, ahesabu zilizoota, ndipo apande tuta zima.