Dakika Tano za Kahawa: Mahmoud Darwish na Mzingiro wa Beirut

Wapenzi wa ushairi wanaomjua Mahmoud Darwish kwa mashairi yake hawana budi kukisoma pia kitabu chake cha nathari, Dhakira lil-nisyan, yaani kumbukumbu kwa ajili ya usahaulifu. Kinasimulia siku moja ya Agosti 1982, majeshi ya Israeli yalipokuwa yameizingira Beirut ya Magharibi, maji na umeme vimekatwa, na mabomu yakimiminika kutoka angani, nchi kavu na baharini.

Msomaji angetarajia mashujaa, anapewa kahawa. Msimulizi ameamka alfajiri na anataka kufika jikoni. Jiko lenyewe lina kioo kinachoelekea bahari, na baharini ndiko zilipo manowari. Basi anapima muda baina ya kombora na kombora, akiomba apishwe dakika tano tu achemshe kahawa yake.

Watakuwapo watakaosema kuwa hayo ni mapuuza: watu wanakufa, naye anawaza kahawa! Nathubutu kusema kinyume. Mzingiro hukusudia kumpokonya mtu siku yake, asibaki na jambo ila hofu. Anayekoroga kahawa kwa utaratibu ule ule wa jana amekataa kupokonywa. Ndani ya kitabu hicho hicho Darwish anajibizana na wanaowadai washairi tungo za vita papo hapo. Jawabu lake kubwa, kwa maoni yangu, ni zile kurasa za jikoni.

Nilipojaribu kuzifasiri, nilikwama mara mbili. Kwanza ni neno hudna, analoliita lile ombi lake. “Suluhu” yetu yapita kiasi, maana huhitaji watu kupatana. “Mapumziko” nayo ni mepesi mno, kama ya wachezaji. Hudna ni utulivu wa muda tu, uhasama ukiwa pale pale. Pili ni chombo. Nikiandika “dele”, msomaji wa pwani atasikia vikombe vikigongana na ataona baraza imejaa watu. Darwish yu peke yake. Nikaliacha dele, nikaandika “chombo cha kahawa”. Neno halina ladha, lakini halisemi uongo.

Hapo ndipo ilipo pia kasoro ya kitabu. Kahawa hii ni ya mtu mmoja. Mama anayewapikia wanawe kwa ndoo moja ya maji hapewi kurasa kama hizo, ilhali dakika tano zisingemtosha. Isitoshe, manukuu marefu ya wanahistoria wa kale wa Kiarabu humchosha msomaji aliyekwisha kuzama katika siku ile.

Hata hivyo, asiyesoma Kiarabu aitafute tafsiri ya Kiingereza ya Ibrahim Muhawi, iliyotoka 1995. Kisha, jioni akiketi barazani na kikombe mkononi, atazame ni wangapi wameketi pamoja naye, wala hakuna anayehesabu dakika.