Mpiga Ngoma Mkali Unampimaje?

Leo naomba tubishane kidogo. Hivi ukisema "huyu jamaa anajua kupiga", unamaanisha nini hasa?

Ukikaa Kakonko, Kibondo au Kasulu, utasikia hukumu za aina mbili. Kwenye dramu za kanisani, sifa zinaenda kwa kijana anayejaza mapigo mengi kila kwaya inapovuta pumzi. Kwenye ngoma za Kirundi, sifa zinaenda kwa yule anayeruka juu zaidi na kupiga kwa nguvu zaidi. Hoja yangu ni kwamba hukumu zote mbili zinapima kitu kilicho rahisi kuonekana na kuacha kilicho kigumu kufanya. Na hatuko peke yetu. Mashabiki wa muziki wa rock huko Ulaya na Marekani wamebishana hivyo hivyo miaka nenda rudi: nani ana kasi zaidi, nani ana mikono mizito zaidi.

Tuanze na kasi, maana ina ukweli wake. Mtu ambaye hajafunzwa, akigonga kwa mkono mmoja kwa kasi yote aliyonayo, anafika mapigo 5 hadi 7 kwa sekunde. Watafiti wa Japani walimpima mshindi wa mashindano ya wapiga dramu wenye kasi duniani wakakuta anafika mapigo 10 kwa sekunde, kwa mkono mmoja. Siri yake haikuwa nguvu. Kifundo cha mkono kina misuli ya kukunja na misuli ya kunyoosha. Kwa asiyefunzwa, misuli hiyo inakaza kwa pamoja, inavutana yenyewe kwa yenyewe. Kwa bingwa yule ilipokezana: huu ukifanya kazi, ule umelegea. Kwa hiyo hata kasi yenyewe, ukiichunguza, ni ujuzi wa kulegeza.

Jaribu mwenyewe. Shika fimbo kwa kubana, piga ngozi ya ngoma. Kisha ishike kwa kulegeza uiache irudi yenyewe. Ngozi iliyovutwa vizuri inarudisha sehemu ya nguvu uliyoipa. Anayebana fimbo anaua hiyo zawadi, halafu inabidi ainyanyue kwa jasho lake kila pigo. Ukimwona mpiga ngoma amekunja uso na mabega yamepanda hadi masikioni, usimshangilie haraka. Huenda anapigana na fimbo zake.

Sisemi kazi hiyo ni nyepesi. Clem Burke, mpiga dramu wa bendi ya Blondie, alipimwa kwa miaka kadhaa na watafiti wa vyuo vya Uingereza. Akiwa jukwaani moyo wake ulipiga kwa wastani wa mara 140 hadi 150 kwa dakika, na kuna nyakati ulifika 190. Hiyo ni kazi ya mwanamichezo. Ila jasho ni gharama tu. Hatumpimi fundi seremala kwa jasho, tunaangalia kama meza yake inayumba.

Basi meza ya mpiga ngoma ni ipi? Ni wakati. Hapa sayansi inaleta jambo la kushangaza: binadamu hapigi sawasawa kama saa, hata akiwa bingwa. Ukimpa mtu mlio wa mashine aufuate, mara nyingi anagonga kabla yake kidogo, kwa makumi ya milisekunde, bila kujua. Wanamuziki wanakosea kidogo zaidi, lakini hawafiki sifuri. Mwaka 2015 watafiti walichambua mapigo ya toazi ya Jeff Porcaro kwenye wimbo wa Michael McDonald wa mwaka 1982, "I Keep Forgettin'". Walikuta vichepuko vidogo vya wakati ambavyo havikutawanyika ovyo: kichepuko cha sasa kilihusiana na vya nyuma sana, na kulikuwa na mtindo uliojirudia. Yaani "kosa" lake lilikuwa na umbo. Huenda ndiyo maana wengine husema mashine inayopiga kwa usahihi kamili inachosha sikio.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ngoma zinachongwa kutoka mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Idadi yake ni namba witiri, kuanzia dazeni hivi na kuendelea. Moja inakaa katikati, inkiranya, ndiyo kiongozi. Nyingine zinapangwa nusu duara. Kati ya hizo, amashakwe zinashikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo zinamfuata kiongozi.

Fanya hesabu na mimi. Chukua ngoma 13: moja katikati, 12 kwenye nusu duara, mita moja kati ya moja na nyingine. Tao lina mita 11, basi kila mpigaji yuko kama mita 3.5 kutoka kwa kiongozi. Sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wote 12 wanamsikia baada ya milisekunde 10. Wapange sasa mstari mmoja ulionyooka, kiongozi mbele yao mita moja. Wa katikati anamsikia baada ya milisekunde 3, wa pembeni baada ya 16. Tofauti ni ndogo kuliko unavyoweza kuisikia kama mapigo mawili, lakini pigo linaanza kuchakaa ukingoni. Sidai wazee walipiga hesabu hizi. Nasema tu kwamba mpangilio huo unampa kila mtu kiongozi yule yule kwa wakati ule ule, na wote wanamwona.

Ndiyo maana rekodi ya "Burundi Black" ya mwaka 1971 inanikera. Mfaransa mmoja alichukua ngoma za Burundi zilizorekodiwa miaka ya 1960, akazibandika piano na gitaa juu. Mdundo huo ukaingia kwenye rock: Joni Mitchell alitumia ngoma za Burundi mwaka 1975, na mwaka 1980 Adam and the Ants wakatoka na wapiga dramu wawili wakiutafuta uzito ule. Nguvu waliipata. Walichokosa ni mazungumzo: kiongozi anabadili, ibishikizo wanajibu, amashakwe hawayumbi. Ngoma ziligeuka ukuta wa nyuma.

Kigezo kibovu kina madhara pia kwa watu. Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi ilikataza wanawake kupiga ngoma hizi. Sababu iliyotolewa ni mila, na mila ina wenyewe wa kuijadili. Lakini usikubali mtu akuongezee kwamba wanawake "hawana nguvu ya kutosha". Umeshaona hapo juu: kinachomtenganisha fundi na mwanafunzi ni misuli inayopokezana na sikio linaloshika wakati, na hivyo vinatokana na mazoezi.

Ukanda wetu uko jirani kabisa na ngoma hizi. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu, na tangu 2015 kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu zilipokea Warundi wengi. Mtendeli, iliyokuwa hapa Kakonko, ilifungwa 2021. Watu wanahama, na sikio la kupima fundi huondoka nao kama hakuna aliyejifunza kusikiliza.

Kwa hiyo ukienda kwenye ngoma, acha kumtazama anayeruka. Mtafute amashakwe mmoja, yule asiyeangaliwa na mtu. Fumba macho dakika mbili. Kiongozi akibadili, je, huyo anatikisika? Kanisani nako, kijana akimaliza kujaza mapigo yake, je, anarudi mahali pale pale alipoiacha kwaya? Akirudi bila waimbaji kugeuza shingo, huyo mpe sifa zake. Anajua kupiga.