Saa Kumi na Tatu za Milford Sound

Ndege ndogo huvuka kutoka Queenstown hadi Milford Sound, katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, kwa muda wa kama dakika 40. Basi la watalii huchukua karibu saa tano kwenda, na lazima lirudi siku hiyo hiyo. Kati ya sehemu hizo mbili kuna milima isiyopitika, kwa hiyo barabara hushuka kusini kando ya ziwa Wakatipu, hukata magharibi kupitia nyanda za malisho ya kondoo hadi mji mdogo wa Te Anau, kisha hugeuka kaskazini na kuingia eneo la Fiordland. Ni karibu kilomita 290 kwenda na nyingine 290 kurudi. Safari hii huuzwa kama siku ya kutazama mandhari. Ukiichambua kama kazi, unakuta ratiba iliyobanwa na sheria, mlima na saa za boti, na unakuta pia kwamba walioipanga walikuwa mafundi kweli.

Sharti la kwanza ni mwili wa dereva. Sheria ya Nyuzilandi inamruhusu afanye kazi saa 13, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Ndani ya saa hizo 13, hawezi kupita saa tano na nusu za kazi bila kukaa walau nusu saa. Wala kazi haihesabiwi kwa kushika usukani peke yake. Kukagua gari alfajiri, kupita hotelini kuchukua abiria, kufagia basi usiku, vyote vimo. Na katika safari hizi dereva ndiye mwongozaji: anaendesha huku akizungumza kwa maikrofoni iliyofungwa kichwani. Msomaji wa Arusha au Nairobi hatashangaa, maana mbugani kwetu pia mtu mmoja hubeba kazi zote mbili. Lakini Landcruiser yenye wageni sita yaweza kusimama popote simba alipolala. Basi la watu arobaini husimama palipo na maegesho ya kulitosha, na kwenye barabara ile sehemu kama hizo ni chache.

Sasa angalia jinsi siku inavyokatwa. Basi huondoka yapata saa 1 asubuhi. Te Anau hufikiwa baada ya saa mbili na kitu, na hapo abiria hunywa chai na kwenda msalani. Wao huiona kama huruma ya mwongozaji. Kwa dereva ni mapumziko ya kwanza ya kisheria. Kisha zinafuata kama kilomita 120 za kuingia milimani, na mchana abiria hupanda boti ya kuzunguka Milford Sound, ambayo ni fiyodi, yaani bonde lililochongwa na barafu na baadaye kujazwa na bahari. Matembezi ya boti huchukua karibu saa mbili. Melini kuna sauti nyingine ya kuwaeleza wageni, kwa hiyo dereva hana kazi tena. Anakula, ananyoosha mgongo, anafumba macho. Kilele cha safari na pumziko kubwa la dereva vimewekwa saa ile ile, na hapo ndipo ninapouona ufundi wa mpango mzima. Bila boti, kampuni ingelazimika kumlipa dereva wa pili au kuwaketisha abiria mahali bila la kufanya.

Upande wa maneno nao una hesabu yake. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Sentensi ya sekunde kumi imekula zaidi ya mita 220. Mwongozaji akisubiri maporomoko ya maji yaonekane ndipo aseme "tazameni kushoto", walioketi nyuma watageuka waone miti. Kwa hiyo dereva mzoefu huzungumza mbele ya kitu: husimulia bonde la Eglinton kabla msitu haujafunguka, kisha hunyamaza bonde linapotokea na majani yake ya rangi ya dhahabu kati ya kuta mbili za milima. Ninaamini kunyamaza huko ni sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii. Mtu aliyepewa maikrofoni hushawishika kuijaza siku nzima.

Vituo vya njiani ni vifupi. Mirror Lakes, yenye vidimbwi vya maji tulivu na kibao kilichoandikwa kichwa chini ili kisomeke kwenye kivuli chake majini, hupewa dakika kama kumi. Knobs Flat ni ya choo. Baadaye barabara hupita The Divide, njia ya chini kuliko zote katika safu ya Alps ya Kusini, mita 532 tu juu ya bahari, kisha hupanda kuelekea handaki la Homer.

Handaki hili linastahili kusemwa polepole, kwa sababu bila hilo safari isingekuwapo. Lilianza kuchimbwa mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na wanaume watano wenye sururu na mikokoteni ya mikono. Maporomoko ya theluji yaliua wafanyakazi watatu katika miaka ya mwanzo, vita vikasimamisha kazi, na magari hayakupita rasmi hadi 1954. Lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na robo, kuta zake ni mwamba mtupu, na sakafu yake huteremka kuelekea Milford kwa mwinamo wa karibu mita moja kwa kila kumi. Mlango wa mashariki uko kwenye kimo cha karibu mita 945. Baada ya hapo zimebaki kama kilomita 20 hadi usawa wa bahari, kwa kona kali. Dereva huteremka kwa gia, akiziokoa breki zisipate moto, na ndani ya handaki hasemi chochote. Abiria hutoka gizani wakaangukia bonde la Cleddau lenye kuta zinazotiririka maji pande zote. Mchimbaji wa 1935 hakukusudia kuwashangaza watalii, lakini hakuna mpangaji wa safari ambaye angeweza kubuni mlango bora zaidi.

Kiangazi, taa za barabarani huyapitisha magari handakini upande mmoja kwa zamu. Foleni hapo huwa na kasuku wa milimani, kea, wanaonyofoa mipira ya madirisha ya magari. Majira ya baridi taa hizo huzimwa, na sababu yake inafaa kueleweka: eneo la mlango wa handaki liko chini ya miteremko ya theluji, na gari lililosimama kusubiri liko hatarini zaidi kuliko linalopita. Mwaka 1983 theluji ilimuua msimamizi wa barabara, na baada ya hapo ulianzishwa mpango maalumu wa kuikagua miteremko na kuiporomosha theluji kwa milipuko inayodondoshwa na helikopta wakati barabara imefungwa. Kati ya Mei na Novemba magari hutakiwa kubeba minyororo ya matairi. Simu nazo hazishiki karibu njia yote baada ya Te Anau, kwa hiyo uamuzi wa kwenda au kughairi lazima ufanywe kabla ya kutoka mjini.

Mvua ni jambo jingine. Milford hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, na mgeni aliyelipa pesa nyingi akiona mawingu hukunja uso. Mwongozaji mzuri humwandaa mapema, tangu Te Anau: maporomoko makubwa ya kudumu katika fiyodi ni mawili, Bowen na Stirling, lakini mvua ikinyesha kuta nzima hupasuka mamia ya mikondo ambayo hukauka saa chache baada ya jua kutoka. Mvua hiyo hiyo huteremsha maji matamu yenye rangi ya majani makavu, yanayoelea juu ya maji ya chumvi na kuzuia mwanga. Ndiyo maana matumbawe meusi, ambayo kwingineko huishi kina kirefu, hapa huonekana kwenye kina cha mita kama kumi. Mgeni akijua hayo kabla, hulipokea wingu kwa moyo mwingine.

Mpango huu una kasoro mbili, na zote zinatokana na umbali. Ya kwanza: kila kampuni ya Queenstown inapiga hesabu ile ile, kwa hiyo mabasi yote hufika mchana na boti za saa hizo hufurika. Mwaka 2019 Milford ilipokea wageni zaidi ya 800,000, na sehemu kubwa yao walijazana katika saa chache hizo. Ya pili ni kurudi. Barabara ni ile ile, hadithi zimekwisha, dereva anaikimbiza saa yake ya 13, na abiria wamelala au wanaonyeshwa filamu. Wapo wanaolipa zaidi kurudi kwa ndege. Lakini hali ya hewa inayofunga bonde huifunga ndege kwanza, kwa hiyo hilo si suluhisho la mpangaji.

Ningeianzisha safari Te Anau. Wageni wafike jioni iliyotangulia na kulala huko. Asubuhi basi lina kilomita 120 tu za kwenda na 120 za kurudi. Linaweza kuwa gatini kabla ya msafara wa Queenstown kufika, abiria wakapanda boti yenye nafasi, na siku nzima ikamalizika kwa kama saa nane. Dereva angebaki na saa kadhaa mkononi, na ukungu ukiwa umelala bondeni Eglinton, angeweza kuzima injini na kungoja uinuke.