Jani la Kojeti Linapokufa

Kojeti, ambayo wengine huiita zukini, huanza kuvunwa siku 45 hadi 55 baada ya kupandwa. Kufikia hapo majani ya chini kabisa, yaliyotangulia kuchipua, huwa yameshageuka manjano na kunyauka. Huo ni uzee wa kawaida. Vilevile mabaka meupe ya kung'aa yanayofuata mishipa ya jani ni rangi ya asili ya baadhi ya mbegu: yakisuguliwa kwa kidole hayatoki. Ubwiri unga ukisuguliwa hutoka, na kidole hubaki cheupe.

Kifo kisichokuwa cha uzee hutambuliwa kwa mahali kinapoanzia, na jambo hilo lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, ambako sababu mbili kubwa haziko kwenye jani kabisa. Ya kwanza ni chumvi. Ukanda wa Diani hadi Msambweni umekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga, na maji ya visima vilivyo karibu na bahari hukolea chumvi zaidi kaskazi inapovuma na mvua ni haba. Jani huungua ukingoni, likawa la kahawia na kukauka kuelekea ndani, huku katikati kukiwa bado kijani. Kojeti huvumilia chumvi kuliko tango: mavuno ya tango huanza kushuka chumvi ya udongo ikizidi desisiemensi 2.5 kwa mita, na ya kojeti ikizidi 4.7 hivi. Hata hivyo, kumwagilia kidogokidogo kila siku huiacha chumvi ikijilimbikiza kwenye mizizi. Afadhali maji mengi kwa mara chache, yazame na kuishusha chumvi chini, pamoja na samadi iliyooza vizuri na matandazo ya nyasi kavu.

Sababu ya pili ni minyoo fundo, ambayo hustawi katika udongo wa kichanga. Mmea hulegea adhuhuri hata kama udongo una maji, hujiinua jioni, kisha siku moja hauinuki tena. Aung'oaye mmoja ataona mizizi imejaa vifundo. Hakuna dawa ya kupulizia majani itakayofika huko, na fedha nyingi za wakulima hupotea hapa. Shamba hilo lisipandwe tena kojeti, boga, tikiti, nyanya wala bamia kwa misimu kadhaa. Kupanda mmea wa marejea badala yake hupunguza minyoo hiyo.

Ugonjwa wa jani lenyewe ulio maarufu zaidi ni ubwiri unga. Huanzia majani makongwe yenye kivuli, na tofauti na ukungu mwingi hauhitaji jani lililolowa. Unyevu wa hewa ya pwani unautosha. Ubwiri vinyoya ni kinyume chake: huja na masika, Aprili hadi Juni, ukiweka madoa ya manjano juu ya jani na vinyoya vya kijivu upande wa chini, ambavyo huonekana vizuri alfajiri. Huo huzuiwa kwa nafasi pana kati ya mimea na kwa kumwagilia shinani asubuhi.

Dhidi ya ubwiri unga, jaribio linalofaa kufuatwa ni la Wagner Bettiol wa Brazil, lililochapishwa mwaka 1999. Alipulizia kojeti za kwenye banda maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji kwa viwango mbalimbali. Kuanzia asilimia 10, yaani lita 1 ya maziwa kwa lita 9 za maji, mara moja kwa wiki, ugonjwa ulidhibitiwa sawa na viuakuvu vya viwandani. Kazi ianze unga unapoonekana mara ya kwanza, kwani jani lililokwisha kufunikwa haliponi. Salfa nayo hufanya kazi, lakini joto likizidi nyuzi 32 huunguza majani, na Februari na Machi joto hilo ni la kawaida pwani. Ipuliziwe jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wameondoka.

Jani lililooza au kufunikwa kabisa hukatwa kwa kisu safi, karibu sana na shina. Kikonyo cha kojeti kina uwazi ndani; kisiki kirefu hukusanya maji na kupitisha uozo hadi shinani. Yasikatwe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja, maana jua kali huunguza matunda yaliyoachwa wazi.

Majani machanga yakikunjamana, yakawa na mabaka ya kijani na manjano, na matunda yakatoka na manundu, hiyo ni dalili ya virusi. Virusi vya manjano vya kojeti vilitambuliwa Italia mwaka 1973, na vidukari huviambukiza kwa kuonja jani sekunde chache tu, hivyo dawa ya wadudu huchelewa. Hakuna tiba. Mmea wa namna hiyo hung'olewa wote siku hiyohiyo na kufukiwa mbali na shamba.