Kijiji cha Baldwin, Utenzi wa Lindi

Kila mwaka, majira ya joto ya Ulaya yakianza, Leukerbad, kijiji cha maji moto huko kwenye milima ya Alps ya Uswisi, hujaa waandishi. Vitabu husomwa hotelini, bustanini, hata usiku wa manane juu kwenye njia ya mlima wa Gemmi. Tamasha hilo lilianza 1996. Raha, au siyo? Hoteli zinapata wateja, kijiji kinapata jina.

Ila andiko maarufu kuhusu kijiji hicho lilitoka zaidi ya miaka 40 kabla ya tamasha, na aliyeliandika alikuwa mgeni. James Baldwin, Mmarekani mweusi, alifika 1951. Insha yake "Stranger in the Village" ikachapishwa 1953. Watoto wanamwita kwa rangi yake barabarani. Kisha mke wa mwenye baa anamsimulia kwa furaha kwamba kijiji huchanga pesa za "kununua" Waafrika ili waingizwe Ukristo. Baldwin anatabasamu, anaandika. Hatukani mtu, na ndiyo maana insha inachoma.

Lakini ukiisoma ukiwa Nachingwea au Ruangwa, unajikuta upande wa pili wa huo mchango. Hapo insha inapungukiwa: Waafrika walionunuliwa ni idadi tu, hawasemi neno.

Huku kwetu maneno yalikuwepo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, kuhusu vita ya 1905 hadi 1907. Vita hiyo haikuwa hadithi ya mbali: Wamwera waliingia, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Utenzi ulichapishwa Ujerumani 1933, ukatoka tena 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Sasa hebu uliza vijana wa sekondari bonde lote la Mbwemkuru: nani ameushika mkononi?

Na utenzi si kitu cha kusomwa kimya kimya. Kina cha mwisho kinachojirudia ubeti baada ya ubeti kinadai sauti, na sauti inadai watu wa kusikiliza. Ukikaa maktaba ya chuo, kwa mtafiti mmoja na kalamu yake, nusu ya kazi imelala.

Kwa hiyo sioni wivu na milima ya watu. Kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, watu huku hukusanyika hata hivyo, kuna jando, kuna unyago, kuna ngoma. Kinachohitajika ni nakala chache, msomaji mwenye sauti nzuri, na wazee. Mshairi alikuwa mtu wa pwani, akisimulia vita iliyowaka pia bara. Katikati ya ubeti mzee wa Kimwera anaweza kuinua mkono: "Ngoja kwanza, hapo siyo." Basi tamasha lianzie hapo.