Bastola Ambayo Haikuwapo Tanga

Kijitabu ninachokizungumzia hapa kilichapishwa kwa fedha za mtungaji mwenyewe, kama hiki changu, kwa hiyo sitakitaja jina, wala sitamtaja yeye. Ni kazi ya mtu aipendaye historia ya nchi yake. Sura zake kuhusu vita vya Wajerumani na Waingereza katika Afrika Mashariki nimezisoma mara mbili, na kwa raha. Ugomvi wangu ni wa picha moja tu pamoja na maelezo yaliyo chini yake.

Picha ni ya bastola ya silinda, aina ya Webley. Tunaambiwa kwamba ilitengenezwa mwaka 1887, na kwamba askari wa Lettow-Vorbeck waliiteka katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Huo mwaka 1887 umetoka wapi? Mtungaji anaeleza kuwa ndio mwaka jeshi la Uingereza lilipozipokea bastola za Webley. Ni kweli, lakini iliyopokewa mwaka huo ilikuwa Mark I. Baada yake zilifuata nyingine, mpaka Mark V mwaka 1913, kisha Mark VI, iliyopitishwa rasmi Mei 1915. Kusema kila Webley ni ya 1887 ni sawa na kusema kila Land Rover ni ya 1948, kwa sababu ndipo la kwanza lilipoonyeshwa watu.

Sasa msomaji aitazame picha yenyewe. Webley za jeshi za zamani zina mpini uliopinda kama mdomo wa kasuku. Huu wa pichani una pembe, umenyooka chini kama umekatwa kwa msumeno. Mtutu nao ni mrefu, ule wa inchi 6, ambapo za nyuma kwa kawaida zilikuwa na inchi 4. Mtutu peke yake nisingeutegemea, maana mafundi wa jeshi walibadilisha mitutu ilipoharibika. Ndiyo sababu mjuzi hulinganisha kwanza namba iliyogongwa kwenye kiunzi na ile ya mtutu na ya silinda. Lakini umbo la mpini ni umbo la kiunzi chenyewe, na kiunzi hakibadilishwi kama tairi. Hii ni Mark VI.

Na kama hayo hayatoshi, nilichukua kioo cha kukuzia, kile ninachosomea magazeti siku hizi. Ubavuni mwa kiunzi, karibu na jina la Webley na neno la Kiingereza la hataza, pamegongwa tarakimu nne: 1917. Bastola za Mark VI za wakati wa vita ziligongwa mwaka wa kutengenezwa waziwazi hivyo. Mtungaji alikuwa nayo mkononi, akaipiga picha, akaenda kuutafuta mwaka wake kitabuni!

Bastola iliyotoka kiwandani Birmingham mwaka 1917 haikuweza kutekwa Tanga mwaka 1914. Je, basi ilitekwa wapi? Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, aliposikia haya alirukia Mahiwa, Oktoba 1917. Nikamwambia hapana, huko ni kurudia kosa lile lile kwa tarehe nyingine. Mwaka uliogongwa hutuambia tu kwamba silaha haikuwapo kabla ya hapo. Baadaye inaweza kukaa ghalani, ikapewa polisi, ikauzwa. Wakati mwingine utaikuta alama ya mishale miwili midogo inayotazamana kwa ncha: hiyo ni dalili kuwa jeshi liliiondoa katika mali yake. Pichani sikuiona, ila upande wa pili haukupigwa picha.

Nisijifanye msafi. Bastola hii niliiona kwa macho yangu miaka mingi iliyopita, na kisa chake cha Tanga, pamoja na nyuki wake, nilikifundisha katika chuo cha ualimu kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanachuo mmoja aliandika katika insha yake: "Tunajuaje kuwa ni ya Tanga?" Nilimpunguzia alama mbili kwa kutoka nje ya swali. Leo naye ni mkuu wa shule. Wanafunzi wote wale walikwenda kukisomesha kisa hicho katika shule za msingi, na pengine ni mmoja wao aliyemsimulia mtungaji wetu.

Nilimwandikia mtungaji. Alinijibu kwa heshima sana kwamba wasomaji wanaipenda Tanga, na mwaka mmoja au miwili haina neno. Mimi naona ina neno. Akitoa chapa ya pili, mstari mmoja unatosha: "Bastola ya Kiingereza, Webley Mark VI, imetengenezwa 1917, ilikopatikana hakujulikani."

Zile alama mbili nimekwisha kumrudishia mwenyewe, kwa barua.